Sura ya Sita: Shingo Iliyogeuzwa Kushoto

Damu ilikuwa imekauka kwenye mbao za sakafu na kuwa nyeusi kama lami, lakini nzi hawakudanganyika. Inspekta aliwafukuza kwa kofia yake, akachutama, akahesabu magurudumu yaliyoning'inia juu ya kichwa chake.

"Kumi na nne," alisema.

"Kumi na nne, afande," Sajini aliitikia kutoka mlangoni. "Na wenye baiskeli wote wako nje ya kituo chetu wanataka kumla mtu mbichi. Isipokuwa mmoja. Huyo ndiye anayetakiwa kuliwa."

Behewa la mizigo lilikuwa limekatwa kutoka kwenye treni na kusukumwa reli ya pembeni tangu jana asubuhi, baiskeli zikiwa ndani kama zilivyokutwa. Jana hiyo, treni ya abiria ilipofika mwisho wa safari, wenye baiskeli walivuta mlango ili wachukue vyombo vyao waende kazini. Mtunza behewa hakuwepo mlangoni. Walimwona baadaye, mwishoni kabisa, chini ya turubai. Walimwita Mzee Kifundo, kwa sababu ya vile vifundo vyake vya uzi wa katani ambavyo hakuna aliyeweza kuvifungua bila kisu. Alikuwa amepigwa mara nane kwa pampu ya chuma ya behewa lake mwenyewe. Na kwa kuwa alikuwa bado anapumua, daktari aliandika, aliyempiga alimshika kidevu kwa mkono mmoja na kisogo kwa mkono mwingine, akakizungusha kichwa mpaka shingo ikavunjika.

Abiria walihitaji mtu wa kumshika, na hawakwenda mbali. Fundi baiskeli mmoja, aliyepandia stesheni ya kiwanda cha matofali, alikuwa na damu kwenye mkono wa shati. Juzi alikuwa amegombana na mzee mbele ya watu, alipokataliwa kupakia skuta ya mteja wake. Walimpiga kwa minyororo ya baiskeli palepale stesheni. Polisi walipofyatua risasi hewani, alikuwa amebakiwa na jicho moja la kuonea.

"Saa kumi gari linampeleka mahakamani," Sajini alisema. "Kutoka mlangoni hadi garini ni hatua ishirini. Sina hakika kama atazimaliza."

"Tuna askari wangapi?"

"Watano. Wao wamekuja na ndugu zao."

Inspekta alitazama saa yake. Saa saba na nusu. Alisimama, akapita polepole chini ya baiskeli, akizigusa mojamoja. Zilitundikwa kwa gurudumu la mbele kwenye kulabu, zimebanana ukutani kama nguo kabatini. Kila moja ilikuwa na usukani uliolegezwa na kugeuzwa ubavuni, ili isichukue nafasi. Kila usukani ulikuwa na nusu ya lebo ya karatasi ngumu, imefungwa kwa uzi wa katani; nusu ya pili hupewa mwenyewe. Kulia. Kulia. Kulia. Alipofika ya mwisho, karibu na mlango, mkono wake ulisimama.

"Hii ya nani?"

"Ya mtuhumiwa, afande."

"Haina lebo. Na usukani umegeuzwa kushoto."

Sajini alikuna shavu. "Usukani ni usukani, afande."

"Labda," alisema Inspekta. "Niitie yule muuguzi aliyekaa na mtuhumiwa kwenye treni."

Muuguzi alikuwa amekaa kwenye kifusi cha kokoto kando ya reli, sare nyeupe imekunjwa juu ya magoti isishike vumbi. Alikuja kuomba baiskeli yake, ya tatu kutoka mwisho, yenye kikapu. Alipanda behewani akatazama kila mahali isipokuwa sakafuni.

"Dada, mimi nina zamu," alisema. "Natembea mguu siku ya pili leo. Wagonjwa wenyewe wananionea huruma."

"Utaipata. Niambie kwanza, nani aligeuza usukani wa baiskeli yako?"

"Mzee mwenyewe. Hapa hakuna mwingine anayevunja shingo."

Sajini alishtuka kama aliyemwagiwa maji. Muuguzi alimtazama, kisha akaweka kiganja mdomoni.

"Jamani, siyo hivyo! Ndivyo tunavyosema. Kulegeza bolti ya usukani na kuugeuza, ndiko kuvunja shingo. Ukifika unampa baiskeli, unamwambia, 'Mzee, nivunjie shingo upesi, treni inaondoka.' Kila siku. Tulikuwa tunacheka."

"Alikuwa akigeuza upande gani?"

"Kulia. Ukimletea umeshageuza kushoto anakurudishia mwenyewe. Anasema pedeli zitagombana njiani."

Inspekta alimwonyesha ile ya mlangoni. Muuguzi aliiangalia kwa muda.

"Hiyo hajaivunja yeye," alisema. "Asingeiacha hivyo hata kama anaumwa."

"Fundi alipanda wapi?"

"Matofali. Sisi wote wengine tunapandia machimboni, treni inapoanzia. Matofali alipanda peke yake na baiskeli. Kisha akaja kukaa karibu yangu."

"Treni ikiwa imeshaondoka?"

"Kabla ya filimbi. Pale inasimama dakika mbili tu. Alikuja anahema, akampigia mkewe simu."

Inspekta alitoa mfuko wa vielelezo kutoka kwapani mwa Sajini, akachomoa karatasi. Ilikuwa maelezo ya mkaguzi wa tiketi wa treni ile, mtu mrefu ambaye abiria walimpachika jina la Toboa kwa ile mashine yake ya kutoboa tiketi. Alisoma kwa sauti:

"'Nilimsikia mtuhumiwa akisema kwenye simu: Nimemvunja shingo mwenyewe.' Wewe ulikuwa umekaa naye bega kwa bega. Alisema hivyo?"

"Ndiyo," muuguzi alisema. Kisha akasita. "Hapana. Soma tena."

"Nimemvunja shingo mwenyewe."

"Hakusema *nimem*vunja. Alisema *nimei*vunja. 'Mzee hayupo leo. Nimeivunja shingo mwenyewe, nikaitundika.' Baiskeli! Nani atasema *nimem*vunja baiskeli?"

Inspekta aligeuka taratibu.

"Sajini. Dada huyu ulimhoji jana. Karatasi yake iko hapa. Mbona imeandikwa *nimemvunja*?"

"Afande, mkaguzi alikuwa ameshasema hivyo. Nikaona huyu ameteleza ulimi. Shingo ya mtu si *mtu*? Nikairekebisha tu, maelezo yafanane."

"Na 'nikaitundika'?"

"Haikuwa na maana, afande. Marehemu hakutundikwa."

"Ndiyo," alisema Inspekta. "Hakutundikwa."

Alikunja karatasi zote mbili, akazirudisha mfukoni mwa vielelezo kwa uangalifu wa mtu anayerudisha kisu kwenye ala. Alimgeukia muuguzi.

"Mkaguzi huyu, kwa kawaida anawatobolea tiketi wapi?"

"Kati ya machimboni na matofali. Hata hujakaa vizuri, ameshafika. Ila jana alichelewa. Alikuja tumeshapita matofali, fundi bado yuko kwenye simu, mikono ya shati imelowa mpaka kwenye viwiko. Nikamtania, nikamwambia, 'Kaka, umetoka kufua?' Hakucheka. Na yeye hucheka kwa jambo dogo."

"Ana miaka mingapi kwenye treni hii?"

"Mimi nimemkuta. Kumi na zaidi."

"Kwa hiyo anajua maana ya kuvunja shingo."

"Yeye?" Muuguzi alicheka kwa mara ya kwanza, kicheko kifupi kikavu. "Yeye ndiye aliyetufundisha kusema hivyo."

Inspekta alikwenda pembe ya mbele ya behewa. Hapo palikuwa na mlango mwembamba wa kuingilia mabehewa ya abiria, usiokuwa na kitasa, ila tundu la pembe nne tu. Ufunguo wake ulikuwa na watu watatu: dereva, aliyekuwa kwenye injini, mbele kabisa, marehemu, ambaye wake ulikutwa mkandani, na mkaguzi. Kando ya mlango, chini, kulikuwa na sanduku la chuma limefungwa kwa kufuli. Juu yake marehemu alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe: BETRI ZOTE HUMU. USIBISHE.

"Hili mlilifungua?"

"Hapana, afande. Si ni la betri za skuta? Na humu hakukuwa na skuta."

"Nipe funguo za mzee."

Kufuli liliachia kwa ufunguo wa tatu. Ndani ya sanduku palikuwa na betri moja, nzito, ya bluu, na mshikio wake umezungushiwa utepe mweusi.

Muuguzi aliinama akatazama.

"Hiyo ya Toboa," alisema. "Ya skuta yake ya umeme, hatukuiona karibu wiki mbili mpaka jana. Mzee alimtolea machimboni, tulikuwa kwenye foleni tunaona. Alikuwa hapendelei mtu. Hata wewe mwenzake wa kazini, betri inatoka, inakaa sandukuni, kwa sababu ya moto. Ndilo lililomgombanisha na fundi juzi. Ile skuta ya mteja betri yake ilikuwa haitoki."

"Kwa hiyo skuta ilipanda machimboni. Na ilishuka?"

"Ilishuka kabisa! Yeye hushusha yake ya kwanza, upande ule wa pili, sisi tukiwa bado tunateremka ngazi. Jana mchana nimeiona kwenye banda la wafanyakazi."

Inspekta alimtazama Sajini. Hakuhitaji kumsomea. Mkaguzi alikuwa ameandikisha, na kutia sahihi, kwamba jana hakukanyaga behewa la mizigo.

"Kuna kitu kingine mfukoni humu," Inspekta alisema. Alichomoa nusu ya lebo, yenye doa la damu kwenye kona. Ilikutwa kwenye koti la marehemu. "Hii uliisoma?"

"Niliisoma, afande. Sikuelewa. Haina namba."

Mzee Kifundo alikuwa na desturi ya kuandika kwenye kila lebo dosari za chombo alichopokea, ili mtu asije kumsingizia kuwa amekikwaruza. Kwenye hii mwandiko ulikuwa uleule, ila umekandamizwa mpaka kalamu ikatoboa karatasi:

*Mwenzetu. Skuta. Taa ya mbele mpya. Madigadi imenyooshwa kwa nyundo. Chini yake uzi wa manjano.*

Muuguzi aliisoma begani kwa Inspekta, akakaa juu ya sanduku bila kukaribishwa.

"Binti yake," alisema. "Binti wa mzee. Aligongwa njia ya machimboni, leo siku ya kumi na mbili. Aliyemgonga hakusimama. Nilikuwa zamu alipoletwa." Alifuta mikono yake kwenye sare. "Alikuwa amevaa sweta la manjano."

Tangu mazishi, alisema, mzee alikuwa akikagua kila chombo cha magurudumu mawili kilichopita mikononi mwake. Hakusema anatafuta nini. Aliinama tu, akapitisha vidole chini ya madigadi, akaandika. Walidhani uzee.

"Sajini," Inspekta alisema, "nenda bandani. Ilete skuta, usiiguse mbele. Mpe dada baiskeli yake kwanza. Na ukimpita mkaguzi ofisini mwambie namwita huku, nina swali dogo la tiketi."

"Nikuache peke yako, afande?"

"Umeshaniachia kazi ya watu wawili. Nenda."

Mkaguzi aliingia kwa kuinamisha kichwa, kwa urefu wake. Alivaa sare iliyopigwa pasi, mashine ya kutoboa ikining'inia kiunoni. Alitazama kulabu moja iliyobaki wazi.

"Pole na kazi, dada yangu. Nasikia mnamtoa leo yule muuaji."

"Saa kumi. Nisaidie kitu. Mimi vyombo hivi vya treni sivijui. Hii baiskeli ya mlangoni, imefanywa nini?"

"Imegeuzwa usukani."

"Kazi hiyo ina jina?"

"Kugeuza usukani."

"Hakuna jina jingine?"

"Silijui mimi. Mimi mtu wa tiketi."

"Jana ulikuwa wapi kati ya machimboni na matofali?"

"Natoboa tiketi. Behewa la tatu."

"Behewa la tatu hawakukuona."

"Watu asubuhi wanasinzia."

"Na skuta yako?"

"Iko bandani."

"Ilifikaje? Skuta haina mabawa."

Alitabasamu. Tabasamu lilibaki mdomoni baada ya macho kuliacha. "Jana niliiacha nyumbani. Leo ndiyo nimekuja nayo."

"Umekuja nayo bila betri?"

Hapo ndipo alipoliona sanduku la chuma, limefunguliwa, na utepe mweusi wa mshikio ukichungulia. Alinyoosha mkono nyuma yake, taratibu, akauvuta mlango mkubwa wa kuteleza mpaka ukafungana. Mwanga ukabaki mistari mitatu kwenye nyufa za mbao.

Inspekta alishika bastola kiunoni. Hakuiwahi. Mkaguzi alimfikia kwa hatua mbili, akampiga ngumi ya tumbo iliyomkunja kama karatasi, na alipokunjika akampiga goti la uso. Inspekta alisikia pua yake ikilia kama kijiti kikavu. Bastola ilianguka, ikateleza chini ya turubai. Mkono mmoja ulimshika kidevu. Mwingine ukamshika kisogo. Ilikuwa mikono inayojua njia.

"Aliruka mbele yangu mwenyewe!" mkaguzi alisema sikioni mwake, akihema. "Yule mtoto aliruka mwenyewe! Nimemwambia mzee, nimempigia magoti, nimemwambia mimi ni mwenzako, miaka yote hii! Anaandika tu! Naongea naye, yeye anaandika!"

Kichwa kilianza kuzunguka. Inspekta hakushindana nacho. Alikifuata, akageuza mwili mzima upande uleule, kiwiko kikamwingia mkaguzi mbavuni. Walipiga ukuta pamoja. Baiskeli mbili ziliruka kwenye kulabu na kuwaangukia, na pedeli ya moja ikamchana mkaguzi kuanzia sikioni hadi taya. Mikono ililegea nukta moja. Inspekta alipapasa hadi sandukuni, akakuta uzito baridi wa betri, akaiinua kwa mshikio na kumpiga nayo gotini. Goti lilienda upande usiokuwa wake. Mkaguzi alipiga yowe lililofika stesheni. Akampiga tena, bega. Alipoinua mara ya tatu, ilikuwa ya kichwa, na mkono wake ulikuwa tayari.

Mlango ulivutwa. Jua liliingia lote kwa pamoja. Sajini alisimama hapo, na nyuma yake skuta ya kijivu, taa ya mbele ikimetameta kwa upya.

"Afande!"

Inspekta aliiweka betri chini.

"Pingu," alisema, na damu ikamtoka mdomoni pamoja na neno.

Kwenye usukani wa skuta, chini ya waya wa breki, kulikuwa na kifundo cha katani. Lebo ilikuwa imechanwa, uzi umekatwa kwa meno, lakini kifundo chenyewe kilikuwa kimekataa. Chini ya madigadi, mahali ambapo nyundo haikufika, uzi wa manjano, mfupi kama kope, ulikuwa bado umenasa kwenye bolti.

Nje ya kituo cha polisi walikuwa zaidi ya mia. Minyororo, pampu, mawe. Gari lilikuwa limeshasogezwa mlangoni, na kioo chake cha nyuma hakikuwepo tena. Saa kumi kasoro dakika kumi. Mkaguzi walikuwa wamemwacha hospitalini chini ya ulinzi, kwa kuwa Inspekta alijua wangemfanya nini huyu wakishamjua.

Mbele ya wote, kwenye ngazi ya chini, alikaa mjane wa Mzee Kifundo, kitambaa cheusi kichwani, jiwe mapajani. Hakuna aliyethubutu kumrushia mtu kabla yake. Inspekta alichutama mbele yake, pua imevimba, sare ina damu.

"Mama," alisema. "Soma."

Mjane aliipokea ile nusu ya lebo. Aliisogeza mbali na macho, kisha karibu. Midomo yake ilifuata maneno. Alipofika mwisho alirudia mstari wa mwisho, mara mbili, kidole kikipita juu ya pale kalamu ilipotoboa.

"Mwandiko wake huu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Alimwona, basi. Kabla hajafa, alimwona."

"Alimwona. Na tumemkamata. Aliye humu ndani siye. Huyu alikuta mumeo ameshakufa, hata hakujua. Damu aliipata alipoegemea ukuta akitundika baiskeli."

Mtu nyuma aliuliza kwa sauti kuna nini. Mjane akasimama, akaliweka jiwe juu ya ngazi, mahali alipokuwa amekaa.

"Nendeni nyumbani, wanangu," aliwaambia bila kupaza sauti. "Mumpishe huyo apite. Aliyemuua mzee kapatikana."

Minyororo ilianza kushuka, mmoja baada ya mwingine, ikilia kwenye saruji.

Chumba cha mahabusu kilinuka mkojo na dawa ya kidonda. Fundi alikuwa amejiegemeza ukutani, jicho moja limefumba. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kwa shati lake mwenyewe, na ncha za vidole zilizotokeza zilikuwa nyeusi, kila kimoja na uelekeo wake.

Inspekta aliutazama mkono ule. Abiria walipiga uso na mgongo. Daktari wa jana alikuwa ameorodhesha kila jeraha. Vidole havikuwemo.

"Umetumia nini?" aliuliza bila kugeuka.

Sajini, nyuma yake, alitazama mlango.

"Mlango, afande. Alikuwa anakataa kuweka dole gumba kwenye maelezo ya kukiri. Nikamwachia wa kulia, ule wa kazi. Nilidhani..."

"Mimi ni wa kushoto," fundi alisema kwa upole, kama anayesaidia.

Ndiyo maana usukani ulikwenda kushoto. Inspekta alimvuta Sajini mbele, akamwekea maelezo ya kwanza mikononi, yale ya muuguzi.

"Soma alichosema mtu huyu. Siyo ulichorekebisha."

Sajini alisogeza karatasi karibu. "'Mzee hayupo leo. Nime... Nimeivunja shingo mwenyewe. Nikaitundika.'"

"Kata hiyo em. Andika i. Na 'nikaitundika' irudishe. Weka jina lako, na saa. Kisha weka chini yake kilichofanywa na mlango, kwa mwandiko wako, na unikabidhi mkanda wako. Pingu zilizobaki ni zako."

Sajini aliandika akiwa amepiga magoti, karatasi juu ya benchi. Ilimchukua muda. Walipotoka uani, baiskeli ya fundi, iliyoletwa kutoka behewani, ilikuwa imeegemezwa kwenye nguzo, shingo bado kushoto, kama mtu aliyeitwa akageuka asimwone aliyemwita. Fundi aliiendea. Alitoa spana kwenye kifuko cha chini ya kiti kwa mkono wa kulia, akaipachika kwenye bolti, ikateleza. Akaipachika tena, ikateleza. Mara ya tatu ikaanguka.

Inspekta aliiokota. Alibana gurudumu la mbele katikati ya magoti yake, akashika usukani.

"Niambie," alisema.

"Vuta kulia. Taratibu. Ukizidisha unaiharibu." Fundi aliinama, jicho lake zima likipima kati ya usukani na gurudumu. Mkono wa kushoto ulijiinua wenyewe kutoka kifuani, ukakumbuka, ukarudi. "Kidogo. Kidogo tena. Hapo. Sasa kaza."

Alikaza. Pua ilianza kumwaga damu upya, matone mawili yakaanguka kwenye usukani. Aliyafuta kwa kiwiko.

"Imenyooka?"

Fundi alimtazama Sajini, aliyekuwa mlangoni bila mkanda, kalamu bado mkononi.

"Imenyooka," alisema. "Mwambie na hiyo aiandike. Kwa i."